Mama anatweta hata akienda chooni, na mazoezi ya pumzi hayataki

Shikamoo Shangazi,

Naishi na Mama hapa Tanga. Mimi ndiye kitinda mimba na ndiye niliyebaki nyumbani. Mama ana miaka 62. Maisha yake yote alikaanga samaki kwa kuni, ndani ya kibanda cha mabati chenye mlango mmoja, na samaki hao ndio waliotusomesha. Sigara hajawahi hata kuishika.

Alianza na kikohozi cha asubuhi, tukakizoea. Baadaye akatibiwa kifua kikuu, akamaliza dozi, akapata nafuu. Kikohozi kiliporudi na kubanwa pumzi juu yake, hospitali moja ilimwanzishia tena dawa za kifua kikuu ingawa makohozi hayakuonyesha mdudu. Mwaka jana ndipo daktari mwingine alipompulizisha kwenye ile mashine ya kupima mapafu, akasema ni ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa: hauponi, lakini unatunzika. Akampa pampu mbili, akatuelekeza kwa mtu wa fiziotherapia. Huko akafundishwa kupumua kwa kukunja midomo, na kupumua kwa tumbo mkono ukiwa juu ya kitovu.

Tatizo Shangazi, Mama hataki. Anasema, "Nimepumua miaka sitini bila mwalimu, leo nifundishwe na mtoto?" Ile ya tumbo anadai inamzidishia. Dada yetu aliyeko Muscat naye haachi kutuma video: mara puliza maputo ishirini kwa siku, mara bana pumzi mpaka kumi upime mapafu. Mama alijaribu puto moja tu, akaona kizunguzungu, ikabidi tumdake.

Siku hizi anashinda kwenye mkeka barazani. Choo kipo nyuma ya nyumba, si mbali, lakini akirudi hawezi kuongea. Mimi nataka atembee kidogo, kaka zangu wanasema namtesa mgonjwa. Jirani anasema pampu zina mazoea, tumpunguzie. Kusujudu ndiko kunakomliza kabisa, akiinuka anatweta mpaka anakatisha sala. Je, haya mazoezi ya pumzi yana maana yoyote, au tunapoteza muda?

Kitinda mimba, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Mpe Bi Mkubwa pole, na umwambie Shangazi anakubaliana naye: kupumua anajua. Kilichobadilika ni mapafu, na ndiyo yanayomlazimu apumue tofauti na zamani.

Nianze na jibu la swali lako la mwisho, kisha tutazungumza taratibu. Mazoezi ya pumzi hayamponyi mtu mwenye ugonjwa huu. Mirija iliyoharibika kwa moshi wa kuni hairudi kuwa ya msichana. Yanachofanya ni kumsaidia aitoe hewa iliyokwama ndani, ili aweze kwenda chooni na kurudi akiwa bado ana sauti. Kwa mtu anayeshinda kwenye mkeka, hilo si jambo dogo.

Sikiliza vizuri hapo niliposema kuitoa. Mgonjwa akilia kwamba hapati hewa, sisi watu wa nyumbani humwambia, "Vuta, vuta kwa nguvu!" Tunamzidishia. Katika ugonjwa huu mirija midogo ya mapafu imevimba, imejaa ute na imelegea. Hewa ikivutwa inaingia. Ikitolewa, mirija inanywea kabla hewa haijamalizika kutoka, na ile iliyobaki inakwama. Pumzi inayofuata inapandia juu ya hiyo, na akiharakisha ndiyo anazidi kujijaza. Ni daladala ya jioni: konda anaita abiria wapya na wa ndani hawajashuka. Ndiyo maana kifua cha Mama kinaonekana kimetuna ilhali yeye anakwambia hana hewa.

Kukunja midomo kunaweka kizuizi kidogo mlangoni. Hewa ikitoka kwa kubanwabanwa hivyo, msukumo wake unarudi nyuma na kuizuia ile mirija isinywee mapema. Pumzi inakuwa ndefu, idadi ya pumzi kwa dakika inapungua, na kilichokwama kinapata nafasi ya kutoka.

Kuhusu mwalimu, mwondoe kabisa kwenye habari hii. Mpe Mama kikombe cha chai ya moto na umwangalie anavyoipoza. Kile anachofanya na midomo yake pale ndicho alichofundishwa hospitali. Sasa ongeza mambo mawili tu. Kwanza avute kwa pua, mdomo umefungwa, polepole, kwa hesabu ya moja, mbili. Asijaze kifua mpaka juu. Halafu apulize kwa midomo iliyokunjwa kwa hesabu ya moja, mbili, tatu, nne, mabega yakiwa yameshuka na shingo imelegea. Asisukume wala asikamue ya mwisho. Akiweza tatu tu badala ya nne, ni tatu. Muhimu ni kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Pumzi tano au sita zinatosha kwa mkupuo mmoja. Akisikia kizunguzungu aache, apumue kawaida.

Sasa wengi wanapopotea ni hapa: mgonjwa anakaa kitako asubuhi, anapuliza dakika tano, anajiona kamaliza zoezi, kisha anaenda kuoga na kurudi hoi. Zoezi lile la kukaa ni la kujifunzia. Kazi yake hasa ni bafuni, chooni, na pale anapoinuka mkekani. Kanuni ni kwamba kila panapohitaji nguvu, hapo ndipo pa kupuliza. Anataka kuinuka? Avute kwa pua akiwa bado ameketi, kisha ainuke huku anapuliza. Anainua ndoo ya maji, apulize wakati wa kuinua. Njia ya chooni aigawe: avute kwa hatua mbili, apulize kwa hatua tatu au nne. Mtu aliyebanwa huwa anazuia pumzi bila kujua anapoinama au anapojikamua chooni, na hilo ndilo linalommaliza.

Na kwa nini aoge amesimama? Mwekee kigoda au kiti cha plastiki bafuni, na maji yawe mahali pa kufikia bila kuinama. Kufunga kilemba na kuchana nywele mikono ikiwa juu kunamchosha kuliko unavyofikiri, kwa sababu misuli ya mabega na shingo anaitumia kupumulia. Aegemeze viwiko mezani anapofanya hivyo, au umtafutie mjukuu mwenye vidole vyepesi.

Hilo la sujudu nimelisoma mara mbili. Kuinama namna ile kunalisukuma tumbo juu, kwenye kifua ambacho tayari kimejaa. Mgonjwa ameruhusiwa kusali ameketi, hata kwenye kiti, rukuu na sijda kwa kuinamisha kichwa, sijda ikishuka kidogo zaidi ya rukuu. Sheikh yeyote wa mtaani atamwambia hivyo, na akiambiwa na sheikh atatulia kuliko akiambiwa na wewe. Atumie pampu ya kufungua kifua mapema kabla ya udhu ikiwa daktari alimwelekeza hivyo, na atawadhe ameketi.

Akibanwa ghafla, msimlaze chali. Aketi kwenye kiti, ainame mbele, viwiko juu ya magoti, viganja vikining'inia. Kama yuko njiani, aegemee ukuta kwa mikono au kwa mgongo. Mkao huo unaipa misuli ya kifua mahali pa kushikilia. Wewe kaa mbele yake upulize pamoja naye, bila kusema neno, na umwondolee ule umati wa wanaompepea na kumuuliza maswali.

Kuhusu kupumua kwa tumbo, Mama hajadeka. Kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kwa kawaida umekaa kama kuba. Mapafu yakijaa hewa iliyokwama, kuba hilo linasukumwa chini na kuwa bapa. Ukimwambia mtu wa namna hiyo asukume tumbo nje, unaweza kumwongezea kazi, hasa akiwa amelala chali. Wapo wanaolipenda zoezi hilo na wapo linaowabana zaidi. Mama amekwambia yuko kundi gani. Aliache, na mkirudi kwa mtu wa fiziotherapia mwelezeni wazi, atambadilishia.

Sasa dada wa Muscat. Najua anatuma kwa mapenzi na kwa uchungu wa kuwa mbali. Lakini puto linamtaka mtu apulize kwa nguvu, na kupuliza kwa nguvu ndiko kunakoibana ile mirija iliyolegea. Ishirini kwa siku kwa mama wa hali hii, hapana. Nalo jaribio la kubana pumzi mpaka kumi lilienea sana wakati wa korona, watu wakiambiwa kwamba ukiweza hujaambukizwa. Shirika la Afya Duniani lilitoka hadharani kulikanusha. Halipimi korona, na halipimi mapafu ya Mama.

Kuna mahali pamoja ambapo kubana pumzi kuna kazi, napo ni kwenye pampu. Na hapo jirani yako naomba asikilizwe kwa heshima na asifuatwe. Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Pampu ya kila siku ikiachwa kwa sababu "mwili utazoea", mnachokaribisha ni kuzidiwa usiku na kukimbilia hospitali. Nina wasiwasi zaidi na jinsi anavyoitumia. Mwombe aitumie mbele yako leo. Aitikise, atoe hewa kwanza, aweke mdomo vizuri pasiwe na upenyo, aanze kuvuta polepole na ndipo abonyeze, aendelee kuvuta, kisha abane pumzi hadi kumi au kadiri anavyoweza. Asubiri kama nusu dakika au dakika nzima kabla ya mkupuo wa pili. Ukiona moshi mweupe unatoka puani au pembeni ya mdomo, dawa imeishia hewani. Kama moja ya pampu ina dawa ya kupunguza uvimbe, asukutue mdomo na kutema kila akimaliza, asije akapata utando mweupe wa fangasi kwenye ulimi.

Kama hawezi kulinganisha kubonyeza na kuvuta, na wazee wengi hawawezi, chukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita. Pasha waya, toboa kitakoni tundu linaloenea mdomo wa pampu barabara, laini kingo, ziba upenyo kwa gundi au utepe. Ioshe kwa maji ya sabuni uiache ikauke yenyewe, usiifute na kitambaa, kwa sababu kufuta kunaifanya plastiki idake dawa. Pampu inaingia kitakoni, Mama anaweka midomo shingoni mwa chupa, unabonyeza mara moja, anapumua humo mara tano kwa utulivu. Huu si uchawi wa kijiweni: madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha mwaka 1999 matokeo ya kulinganisha chupa ya namna hii na kile kifaa cha dukani kwa watoto wenye pumu, na chupa ilifanya kazi sawasawa. Mwonyesheni daktari mlivyoitengeneza.

Makohozi pia yana ufundi wake. Kukohoa mfululizo kunamchosha na kunaifunga mirija. Mpe kioo kidogo cha mkononi. Avute pumzi ya wastani, afungue mdomo, atoe "haaa" ya kutia ukungu kwenye kioo, mara moja au mbili, tumbo likisukuma. Apumzike kwa pumzi za kawaida, arudie. Makohozi yakipanda juu, kikohozi kimoja kinatosha. Afanye hivyo asubuhi, baada ya pampu, wakati kifua kimefunguka. Akiona damu aache na aende hospitali siku hiyohiyo.

Nimeacha ugomvi wako na kaka zako makusudi, kwa sababu hapo ndipo penye uzito kuliko midomo yote tunayoikunja. Mwaka 2012 yalichapishwa mapitio ya tafiti 16 za mazoezi ya pumzi kwa wagonjwa wa aina ya Mama, watu zaidi ya 1,200. Walioyafanya waliweza kutembea mbali kidogo kuliko wasioyafanya, lakini kuhusu ile hisia ya kubanwa, matokeo hayakukubaliana. Tena kwa waliokuwa tayari wanafanya mazoezi ya mwili, ya pumzi hayakuonekana kuongeza kitu cha maana. Kinachobadilisha maisha ya wagonjwa hawa kwa uhakika zaidi ni mazoezi ya mwili yenye mpangilio: kutembea, kuinuka na kuketi, kutia nguvu miguu na mikono, mara mbili tatu kwa wiki, kwa wiki sita hadi nane au zaidi. Kampala, Uganda, mpango wa wiki sita wa namna hii umefanywa kwa watu waliopona kifua kikuu wakabaki na makovu, na waliomaliza walitembea mbali zaidi na kuona nafuu. Hao wanafanana na Mama kuliko mzungu mvuta sigara wa kwenye vitabu, maana kama ile dozi ya kwanza ilikuwa ya kifua kikuu kweli, nacho kimemwachia makovu yake juu ya moshi.

Kwa hiyo waambie kaka zako hivi: mkeka ndio unaomtesa. Misuli ya miguu isiyotumika inanywea, ikidhoofu inadai hewa nyingi kwa kazi ndogo, Mama anatweta zaidi, anaogopa, anakaa tena. Kutweta wakati wa kutembea hakumharibu mapafu. Kunatisha, na kuogopa kwake ni kwa haki, lakini ni jambo analoweza kulizoea akiwa na mtu pembeni na kiti kwenye kona.

Kabla hamjaanza, mpitishe kliniki wamsikilize moyo, wampime oksijeni kwa kile kifaa cha kidoleni akiwa ametulia na akiwa ametembea, wakubali. Kisha anza na umbali anaouweza leo, hata kama ni kutoka barazani mpaka kwenye ngazi ya jirani. Pampu ya kufungua kifua, ile ambayo mara nyingi ni ya bluu, aivute robo saa kabla, kama daktari ameridhia. Atembee asubuhi jua halijakaza, mwendo wa kumwezesha kukujibu kwa maneno machache lakini si kuimba. Akizidiwa asimame, aegemee, apulize, aendelee. Ukiona umbali huo umekuwa mwepesi kwa siku kadhaa mfululizo, sogeza kiti mbele kidogo. Siku akiwa na homa au makohozi yamebadilika, pumzikeni. Mchana ainuke na kuketi kwenye kiti imara mara chache, akipuliza kila anapoinuka. Na msiache wiki ya nane ikipita kwa kuona amepona, nguvu hizo zinaondoka upesi zaidi ya zilivyokuja.

Msisubiri kliniki mkiona midomo au kucha zimekuwa za bluu, hawezi kumaliza sentensi hata akiwa ameketi, anasinzia au kuchanganyikiwa kusiko kwa kawaida, kifua kinauma, au pampu haileti nafuu. Hiyo ni dharura. Huko mkifika, semeni mapema kwamba ana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, kwa sababu wagonjwa hawa huongezewa oksijeni kwa kipimo, wengi wakilengwa kiwango cha oksijeni kwenye damu cha asilimia 88 hadi 92, na oksijeni nyingi kupita kiasi inaweza kuwadhuru. Makohozi yakiongezeka na kugeuka kijani, au miguu ikivimba, aonwe ndani ya siku moja mbili. Na kwa vile aliwahi kutibiwa kifua kikuu, homa za jioni, jasho la usiku au kukonda visipuuzwe kwa kusema "ni kile kifua chake". Apimwe makohozi upya, na safari hii mngoje majibu kabla ya kuanza dozi.

Kitu kimoja hukukigusa, na mimi nimekitafuta kwenye barua yako mpaka mwisho. Nyumbani mnapikia nini? Kama jiko la mkaa lipo barazani alipo mkeka, au kuni zinawaka uani upepo ukielekea kwake, tunapuliza huku tunajaza. Mama ahamie upande usio na moshi kuanzia leo, hata kabla hamjapata hela, na udi na ubani vipumzike kwanza. Serikali inasema inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mama hawezi kungoja huko. Mwandikie dada wa Muscat umshukuru kwa video, umwambie maputo yametosha, na umtumie bei ya mtungi wa gesi na jiko lake.

Shangazi